Jinsi ya kusoma joto la oili ya injini kupitia soketi ya OBD ya gari la spoti

Mshale wa maji ukishafika katikati, wenye magari ya spoti wengi huona injini imepata moto, basi ruksa kukanyaga. Maji yamepata moto, kweli. Oili bado. Injini ikiwashwa ya baridi, maji hupanda haraka kwa sababu ni machache tu yanayozunguka kabla themostati haijafunguka. Oili hubaki nyuma, na mara nyingi huhitaji karibu muda maradufu kufika kwenye joto lake la kazi. Halafu mshale wenyewe si mkweli sana: kwenye magari mengi ya kisasa umepangwa ukae palepale katikati hata maji yakipanda au kushuka nyuzi kadhaa, ili dereva asiingiwe na wasiwasi.

Oili ndiyo inayobeba beringi za krenki, kamshafti, pete za pistoni, na tabo (turbo) kama ipo. Ikiwa baridi ni nzito na haiwahi kufika kila pembe. Ikizidi moto inakuwa nyepesi, na ule utando unaotenganisha chuma na chuma unapungua. Hata namba za kwenye kopo zinasema hivyo: 30 ya kwenye 5W-30 ni unene uliopimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, na ile 5W inahusu baridi tu. Mtu anayekwambia "mimi natumia thelathini" huku oili yake iko nyuzi 45, hiyo thelathini bado hajaanza kuitumia.

Kwenye magari mengi kompyuta ya injini inalijua joto hili, hata kama dashibodi haikuonyeshi. Mifumo inayobadilisha muda wa kufungua valvu huendeshwa kwa msukumo wa oili, kwa hiyo kompyuta inahitaji kujua oili ni nzito au nyepesi kiasi gani kabla ya kuipa kazi. Tunachofanya sisi ni kuiuliza, kupitia soketi ya OBD (mfumo wa gari wa kujichunguza hitilafu) na adapta ndogo inayoiunganisha soketi hiyo na simu. Kuuliza ni rahisi. Kazi iko kwenye kuhakikisha kwamba namba uliyopewa ni ya oili na si ya kitu kingine, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Kabla hujanunua adapta

Jiulize gari lako liko kundi gani kati ya haya matatu.

La kwanza lina sensa ya joto la oili, na kompyuta inaitoa namba kwa lugha ya pamoja ya OBD, ile ambayo kila programu inaielewa. Hapo kazi ni ya dakika kumi.

La pili lina sensa, lakini mtengenezaji ameificha namba kwenye lugha yake mwenyewe. Toyota 86 na Subaru BRZ za kizazi cha kwanza ni mfano mzuri, na nitazitumia hapa chini.

La tatu halina sensa kabisa. Humo namba haipo, au ipo lakini ni makadirio: kompyuta inachukua joto la maji, mizunguko ya injini, mzigo na muda tangu gari liwashwe, inapiga hesabu, inakutolea joto la oili la kubuni. Makadirio hayo yanaweza kuwa ya kuridhisha barabarani na yakakudanganya uwanja wa mbio. Dalili yake nitakuonyesha.

Umri nao una neno. Marekani ililazimisha OBD-II kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka hiyo yanaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16 lakini yakawa yanaongea lugha nyingine. Soketi ikitoshea si ushahidi kwamba mtaelewana.

Soketi na adapta

Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, mara nyingi juu kidogo ya pedali. Ina pini 16 katika safu mbili. Pini 16 ni umeme wa betri, tena wa kudumu, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Pini 4 na 5 ni za ethi. Pini 6 na 14 ni waya mbili za CAN, mtandao ambao kompyuta za gari huongea wao kwa wao. Magari ya soko la Marekani yote yalitakiwa kuutumia kwa OBD kufikia modeli ya 2008. Gari la zamani kidogo linaweza kutumia pini 7, waya wa K, ambao ni wa polepole lakini kwa joto la oili unatosha.

Kabla ya kuchomeka, kaa kwenye kiti na ukanyage klachi mpaka mwisho. Angalia goti na kiatu vinapita wapi. Adapta ndefu inayoning'inia juu ya klachi ni hatari kuliko oili ya moto. Kama nafasi ni finyu tafuta adapta fupi au waya wa kurefusha, kisha ifunge adapta pembeni kwa mkanda wa plastiki. Hili nisingelisema kama nisingewahi kuing'oa moja kwa mguu nikiwa kwenye kona.

Adapta nyingi zinaelewa amri za ELM327, chipu inayotafsiri kati ya gari na simu. Toleo la kwanza la chipu hiyo lilitoka bila kinga ya kunakiliwa, ndiyo maana dunia imejaa nakala. Nakala nyingine zinafanya kazi vizuri. Nyingine zinajitangaza toleo kubwa huku amri nusu hazizijui, na ukiziuliza zinajibu kwa alama ya kuuliza tu. Kwa namba ya kawaida ya OBD hata nakala dhaifu inaweza kukufikisha. Kwa namba iliyofichwa na mtengenezaji, ambayo jibu lake huja vipande vipande, nakala dhaifu ndiyo itakayokupotezea wikendi nzima. Nunua iliyo bora kidogo.

Simu ya Android itaongea na adapta ya Bluetooth ya kawaida; namba ya siri huwa 1234 au 0000. iPhone inahitaji adapta ya Bluetooth LE au ya Wi-Fi. Ukitumia Wi-Fi, anwani ya kuingiza kwenye programu kwa kawaida ni 192.168.0.10 na lango 35000.

Mazungumzo ya kwanza

Unaweza kuanza moja kwa moja na programu za simu kama Torque, Car Scanner au RaceChrono, na mwisho wa yote utaishia huko. Lakini mara ya kwanza nakushauri ufungue programu yenye kidirisha cha kuandikia amri, uzungumze na gari mwenyewe. Ukishaona jibu lenyewe lilivyo, programu ikikuletea upuuzi utautambua.

Gari limesimama, gia iko huru, breki ya mkono imevutwa, ufunguo umewashwa, injini bado. Andika hizi moja moja, ukisubiri jibu kila mara:

ATZ
ATE0
ATSP0
ATRV

Ya kwanza inaiamsha adapta upya. Ya pili inaizuia isirudie kila unachoandika. Ya tatu inaiambia itafute yenyewe lugha ya gari. Ya nne inakupa volti za betri. Injini ikiwa imezimwa utaona kwenye 12 na kitu. Ukiona chini ya 12, chaji betri kwanza, maana kompyuta yenye njaa ya umeme hutoa majibu ya ajabu.

Sasa jaribu joto la maji, kwa sababu karibu kila gari linalo:

0105

Utapata kitu kama 41 05 3C. Hiyo 41 ni gari kukwambia "hili ni jibu la swali la aina ya 01". 05 ni kitu ulichouliza. 3C ndiyo namba yenyewe, imeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita. Tarakimu ya kwanza zidisha kwa 16, jumlisha ya pili, ambapo A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14 na F ni 15. Hivyo 3C ni 3 mara 16, jumlisha 12, sawa na 60. Toa 40, unabaki na nyuzi 20. Hiyo 40 inatolewa ili baiti moja, yaani jozi moja ya tarakimu kama 3C, ambayo haiwezi kuandika namba hasi, iweze kuonyesha baridi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kuuliza kama oili ipo

Usikimbilie kuuliza oili. Uliza kwanza kama gari linasema linayo:

0140

Jibu lina baiti nne baada ya 41 40. Tuseme ni 41 40 7A DC 80 11. Tazama baiti ya mwisho, 11, na ndani yake tarakimu ya kwanza tu. Tarakimu hiyo inabeba habari za vitu vinne: 59, 5A, 5B na 5C, na 5C ndiyo joto la oili. Kwa kuwa 5C ndiyo ya mwisho kati ya hizo nne, kanuni ni fupi: tarakimu hiyo ikiwa witiri, yaani 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F, gari linadai kuwa na joto la oili. Ikiwa shufwa au sifuri, halidai. Katika mfano wetu ni 1, kwa hiyo lipo.

Sasa uliza:

015C

Jibu: 41 5C 7E. Saba mara 16 ni 112, jumlisha 14 ni 126, toa 40 ni 86. Oili iko nyuzi 86, kwa madai ya kompyuta.

Ukipata NO DATA, au 7F 01 12, gari limekataa: swali hilo halilijui. Ukiona gari linakataa huku jibu la 0140 lilidai linayo, hebu rudia injini ikiwa imewashwa, kuna magari hujibu baadhi ya mambo injini ikinguruma tu. Bado likikataa, hamia hatua inayofuata.

Namba iliyofichwa

Nje ya swali la aina ya 01, watengenezaji wana milango yao. Inayotumika sana ni aina ya 22, na kwenye magari ya zamani kidogo, hasa ya Kijapani, aina ya 21. Kabla ya kuipita milango hii, mwelekezee swali kompyuta ya injini peke yake badala ya kulitangazia gari zima:

ATSP6
ATSH7E0

Amri ya kwanza inachagua CAN ya kasi ya kilobiti 500 yenye anwani fupi, ambayo ndiyo ya magari mengi. Ya pili inaweka heda 7E0, anwani ya kompyuta ya injini. Majibu yake hurudi kutoka 7E8.

Mlango wa kwanza wa kujaribu haugharimu kitu:

22F45C

Kuna utaratibu wa kuziweka namba za kawaida za OBD chini ya aina ya 22 kwa kutanguliza F4, hivyo 5C inakuwa F45C. Gari likijibu 62 F4 5C na baiti moja, hesabu ni ileile, toa 40. Likikataa, utahitaji kujua mtengenezaji wa gari lako ameiweka wapi, na hapo hakuna kanuni moja. Kila familia ya injini ina mpangilio wake.

Toyota 86 na BRZ za kwanza, zile za kuanzia 2012 zenye injini ya bapa ya FA20, huulizwa hivi kwa heda 7E0:

2101

Jibu si baiti moja, ni furushi. Adapta italiandika kwa mistari yenye alama 0:, 1:, 2: na kuendelea. Mstari wa 0: unaanza na 61 01, kisha data. Programu kama Torque huzipa baiti za data majina ya herufi kwa mpangilio: ya kwanza baada ya 61 01 ni A, inayofuata B, mpaka Z, halafu AA, AB, AC. Oili ya gari hili inakaa kwenye AC, na fomula ni AC-40. Ukipenda kuihesabu kwa kidole: mstari wa 0: una data nne, A mpaka D, kila mstari unaofuata una saba. Mstari wa 4: unaanza na Z, kwa hiyo AC ni baiti ya nne ya mstari huo.

Hapo ndipo nakala dhaifu za adapta hufa. Jibu likikatika katikati, au mistari ikija imeruka, hakuna fomula itakayokuokoa.

Onyo moja, na hili halina mjadala. Tumia aina 01, 21 na 22 tu. Hizi ni za kusoma. Usibahatishe namba nyingine ili kuona kitatokea nini. 04 inafuta kumbukumbu za hitilafu. 2E inaandika ndani ya kompyuta. 2F inaweza kukiamuru kifaa kifanye kazi. Na kubahatisha hata kwa zile za kusoma kufanywe gari likiwa limesimama.

Kuipeleka kwenye programu

Kwenye Torque ingia sehemu ya kuongeza sensa yako mwenyewe. Jaza aina na swali kama 2101 au 22F45C, jina refu, jina fupi kama OILI, chini -40, juu 215, kizio nyuzi Selsiasi, fomula, na heda 7E0. Kwa swali la kawaida la 015C huhitaji kujaza chochote, programu inalo tayari.

Kiwango cha kuuliza kiweke chini. Oili haibadiliki kwa kasi. Mara moja kwa sekunde ni nyingi tayari. Ukiirundikia adapta maswali ya oili mara kumi kwa sekunde, unachopata ni mizunguko na mwendo kuchelewa kwenye skrini, na ukiwa unarekodi mizunguko ya uwanja utajuta.

Weka pia mlio wa tahadhari, tuseme nyuzi 125. Skrini ya simu kwenye gari la spoti linalotetemeka haisomeki, na kuisoma si kazi yako ukiwa unaendesha.

Kuthibitisha kwamba ni oili

Hapa ndipo watu wengi wanaparuka, na mimi niliparuka. Niliweka fomula niliyopewa na mtu, namba ikapanda vizuri kutoka baridi, ikatulia kwenye 90, nikafurahi. Wiki mbili nilimwambia kila aliyepanda gari langu kwamba oili yangu haizidi 92 hata nikikanyaga vipi. Kumbe nilikosea baiti moja. Nilikuwa nasoma maji. Namba za joto mara nyingi hukaa jirani ndani ya furushi, zote zina fomula ya kutoa 40, na zote zinaonekana za kweli. Kwa hiyo usiamini, pima.

Jaribio la asubuhi. Liache gari lilale usiku kucha mahali penye kivuli. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, washa ufunguo na usome vitu vitatu: maji kwa 0105, hewa inayoingia kwa 010F, na namba yako ya oili. Vyote vitatu vinapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi mbili au tatu. Ikiwa maji 21, hewa 22 na "oili" 64, hiyo si oili, au fomula si hiyo. Jaribio hili dogo huua nusu ya fomula mbovu kabla hujachoma tone la petroli.

Jaribio la kupanda. Washa injini, endesha kwa utulivu, na tazama maji na oili kwa pamoja. Maji yatatangulia. Yakikaribia 85 au 90 yatasita, themostati inafunguka, mstari unalala. Oili wakati huo bado inapanda kwa mwendo wake wa kobe. Kama namba yako inasita kwa dakika ileile ambayo maji yanasita, na kulala kwenye urefu uleule, unasoma maji. Tahadhari moja: magari yenye kibadilisha joto kati ya maji na oili hukaribisha mistari hii miwili, maana maji yanaisaidia oili kupata moto. Hata hivyo oili itachelewa.

Jaribio la kuvuka. Hili ndilo la kukata maneno. Oili ikishapata moto, tafuta mahali halali pa kuifanyisha injini kazi ngumu kwa dakika kadhaa, mlima mrefu kwa gia ya chini au uwanja wa mbio. Maji yanashikiliwa na themostati na rejeta, yatazunguka palepale. Oili itayapita: 95, 100, 108. Ukipunguza moto, itarudi taratibu, kwa dakika na si kwa sekunde. Namba ambayo haivuki maji hata injini ikifanyishwa kazi kiasi gani, mimi siiiti oili.

Na makadirio? Yatambue kwa ulaini wake. Sensa halisi ina tabia: inasita, inachelewa, siku ya upepo haifanani na siku ya jua. Makadirio hupanda kama yamechorwa kwa rula. Jaribio zuri ni kuzima injini ikiwa moto, kusubiri saa moja, kisha kuwasha ufunguo. Sensa itakupa joto lililobaki kweli. Kompyuta inayokadiria mara nyingi huanza upya kutoka joto la maji, hivyo namba mbili zinakuwa sawasawa kabisa, jambo ambalo oili na maji vya kweli hufanya kwa bahati tu.

Kuzisoma namba barabarani

Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, kifuate. Mimi navyoendesha gari la petroli lenye oili nzuri ya sintetiki ni hivi.

Chini ya 60 naendesha kama nimebeba mayai: sivuki nusu ya mita ya mizunguko, sikanyagi mpaka chini. Kati ya 60 na 80 naanza kulilegezea. Kutoka 80 gari ni lako. Kati ya 90 na 110 ndipo oili inapopenda kufanya kazi, na si vibaya kufika huko. Watu wanaofurahia oili kubaki 75 hawajui kwamba maji na petroli vinavyopenya humo vinahitaji joto ili vitoke. Gari la safari fupifupi lisilopata moto wa kutosha ndilo linaloonyesha ute mweupe chini ya kifuniko cha oili.

Uwanjani 120 haishangazi. Kwenye 130 napunguza. Juu ya 140 simalizi mzunguko kwa kasi, hata kama saa inaniambia ni mzunguko wangu bora. Kupunguza hakumaanishi kusimama: weka gia ya juu, mizunguko midogo, gari liendelee kutembea hewa ipite kwenye rejeta na kipoza oili. Ukisimama ghafla na kuzima, moto uliojaa kwenye chuma hauna pa kwenda, na kama kuna tabo, oili iliyokwama kwenye beringi zake inaungua na kuacha masizi magumu.

Kumbuka pia sensa iko wapi. Kwenye sampo, karai la oili chini ya injini, inasoma oili iliyokwisha kufanya kazi na kurudi. Kwenye njia kuu baada ya kipoza oili inasoma iliyopoa. Magari mawili yenye 115 hayako hali moja kama sensa zao hazikai sehemu moja, kwa hiyo kulinganisha namba yako na ya rafiki mwenye gari la aina nyingine ni porojo tu. Linganisha gari lako na gari lako: barabara ileile, hewa inayofanana, wiki baada ya wiki. Oili iliyozoea 104 kwenye mlima fulani ikianza kufika 116, angalia kiwango kwenye kijiti, kipoza oili kilichojaa matope, au rejeta.

Na joto si msukumo. Oili moto hupunguza msukumo, lakini namba hii haikwambii umepungua kiasi gani, na ile taa nyekundu ya oili kwenye magari mengi ni swichi tu inayosubiri msukumo uwe umekaribia kuisha. Ikiwaka uwanjani, zima injini. Hapo habari ya joto imeshapitwa.

Namba zikichanganya

Ukiona -40 bila kubadilika, waya wa sensa umekatika au soketi yake imechomoka. Sensa hizi hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Waya ukikatika ukinzani unakuwa mkubwa mno, na kompyuta inasoma baridi ya mwisho kabisa. Kinyume chake, waya ukigusa ethi, namba inaruka juu kabisa. Kompyuta itaandika hitilafu kati ya P0195 na P0199, zote ni za sensa hii. P0199 ndiyo inayoudhi zaidi: mguso unaokuja na kupotea, mara nyingi soketi yenye oili au waya uliosuguliwa na chuma.

Namba inayoganda kwa sekunde kadhaa kisha kuruka ni adapta au simu kupoteza mawasiliano. Torque huacha namba ya mwisho kwenye skrini, kwa hiyo 98 unayoiona inaweza kuwa ya dakika mbili zilizopita. Weka mizunguko ya injini pembeni ya oili. Ukikanyaga na mizunguko haisogei, unatazama picha, si gari.

Magari mapya zaidi yana lango la usalama kati ya soketi na mtandao wa ndani. Maswali ya aina ya 01 kwa kawaida hupita. Ya mtengenezaji yanaweza kuzuiwa, na hapo utakubali ulichopewa au ufunge sensa yako mwenyewe yenye mita yake.

Ukimaliza, chomoa adapta. Pini 16 haizimwi na ufunguo, na gari la spoti linalokaa wiki mbili chini ya turubai lina betri ndogo kuliko unavyodhani. Kabla ya kuchomoa, washa ufunguo injini ikiwa imezimwa na uandike namba ya mwisho ya oili, ya maji na saa. Kesho asubuhi ukirudia jaribio la baridi, utakuwa na pa kuanzia.